Sababu Tatu za Kufungwa Ugenini

Jumatano, katikati ya mwezi wa tatu. Guangzhou.

Kuta zinatoka jasho. Kila mwaka msimu huu unyevu unaingia mpaka ndani ya kabati, sakafu ya bweni inateleza utadhani kuna mtu kamwaga maji, na nguo nilizofua Jumapili bado ni mbichi.

Nimekasirika tangu mchana na sasa jua limeshazama. Nimewakasirikia watu watatu: kocha wa timu yetu, baba yangu, na mimi mwenyewe. Nitaanza na kocha kwa sababu huyo hanijui. Nikifika kwa baba nitajua nafanyaje.

Jina la timu silitaji leo, nimeinunia. Wanaosoma blogu hii wanaijua: ile ya Uingereza, ya jezi nyekundu, niliyorithishwa kabla sijajua kusoma. Wiki mbili zilizopita tuliwafunga Wahispania nyumbani mbili kwa moja. Usiku wa kuamkia leo ilikuwa marudiano kwao, na sare ilitutosha. Tumefungwa mbili bila na tumetoka.

Mechi ilianza saa kumi kasorobo alfajiri kwa saa za huku. Bwenini kwetu umeme hukatwa saa tano na nusu usiku na mlinzi hufunga lango kwa mnyororo, kwa hiyo mechi za Ulaya mimi huziangalia zikirudiwa saa sita mchana, kwenye mgahawa wa Da Mwanaidi pale Dengfeng, eneo la Xiaobei. Sharti ni moja tu, nisijue matokeo kabla. Leo nilizima simu, nikakaa vipindi viwili vya asubuhi bila kumtazama usoni Mkenya wa darasani kwetu, nikapanda basi la kwenda Xiaobei nimeinamisha kichwa. Nilifika salama mpaka hatua kama ishirini kutoka mlangoni. Pale kuna Mkongo anayeuza na kutengeneza simu, ananijua kwa jezi yangu.

"Pole, ma sœur," akaniambia, mkono kifuani. "Deux-zéro. Ile kocha yenu, ni yeye njo aliwauzisha."

Mbili bila, na kocha ndiye aliyetuuza. Nikamshukuru, kwa sababu mtu akikupa pole huwezi kumtukana. Nikaingia, nikaagiza pilau, nikaangalia dakika tisini zote nikijua mwisho wake. Ni adhabu, lakini ina faida moja: ukijua goli linakuja huufuati tena mpira, unaangalia goli linatokea wapi.

Mgahawa ulikuwa umejaa wafanyabiashara wa Kariakoo na Unguja, mifuko ya sampuli chini ya meza, wote wakiilalamikia jezi. Wahispania nao ni wekundu, kwa hiyo sisi tulilazimika kuvaa ile jezi ya tatu, njano kali inayokera macho. Yule Mkenya wa darasani alikuwa ameshafika kabla yangu. "Aki madam," akasema, "wasee wako leo wanakaa mayai." Kwao kukaa ni kufanana. Da Mwanaidi akamletea chai akamwambia anyamaze, mtoto wa watu ana msiba.

Sasa niseme desturi yetu, ndipo mtanielewa.

Baba ni fundi cherehani, Ngamiani, Tanga. Nilipokuwa na miaka saba timu ilifungwa nikalia barazani kwake mbele ya wateja. Hakunibembeleza. Aliendelea kukanyaga cherehani yake, akasema, "Usiniletee kilio, mama. Niletee sababu tatu." Ananiita mama kwa kuwa nimepewa jina la mama yake. Tangu siku ile, tukifungwa, kila mmoja anatafuta sababu zake tatu, kisha tunazilinganisha. Refa hahesabiwi. Bahati mbaya haihesabiwi. Miaka mitatu niliyokaa huku hatujaruka hata mechi moja. Mimi hupiga simu saa tisa alasiri, ambayo kwake ni saa nne asubuhi, na kadi hutuishia tukiwa bado tunabishana juu ya beki.

Kwa hiyo mchana niliomba kalamu kwa Da Mwanaidi nikaandika za kwangu nyuma ya karatasi ya menyu.

Ya kwanza ni ubavu wa kushoto. Winga wetu wa kushoto ana miguu ya ajabu na tabia ya mgeni mwalikwa: mpira ukipotea anasimama pale pale, mikono kiunoni, anasubiri kuletewa mwingine. Mechi ya kwanza hilo halikuonekana kwa kuwa Wahispania walikuja kujilinda. Safari hii, nyumbani kwao, beki wao wa kulia alianza kupanda dakika ya tano, na hakuna aliyemfuata. Beki wetu wa kushoto akawa na watu wawili wa kukaba peke yake. Akimfuata huyu, yule yuko huru kupiga krosi. Jamaa alicheza kwa moyo wote na ataandikwa vibaya kwenye magazeti yote, na mimi nasema hakuwa na kosa.

Kiungo wetu mkabaji akamwonea huruma, akawa anatoka katikati kwenda kumsaidia. Hapo ndipo palipoharibika kabisa, maana alipotoka aliacha uwazi mbele ya mabeki wa kati, na namba kumi wao alikuwa anaungoja uwazi huo huo. Goli la kwanza, dakika ya thelathini na moja, mgahawa mzima ulimlaani beki wa kati aliyechelewa kufika. Nilisimama nikawaeleza. Beki wa kati alichelewa kwa kuwa alikuwa anaziba pengo la kiungo, na kiungo alikuwa anaziba pengo la winga. Fuata uzi mpaka unakoanzia, utamkuta kijana mmoja kasimama mstari wa kati anapumzika.

"Dada kocha, kaa ule," mzee mmoja wa Unguja akaniambia. "Pilau inapoa."

Ya pili ni fupi. Baada ya goli lile tulihitaji goli moja tu, na kule mbele tulikuwa na mtu mmoja. Mmoja, katikati ya mabeki wanne. Mpira ulipanda kwake na kurudi, ukapanda na kurudi, na timu isiyoweza kukaa na mpira haiwezi kupumzika. Kufika dakika ya sitini watu wetu walikuwa wanashika magoti.

Ya tatu ndiyo iliyoniudhi zaidi, na niliiandika kwa herufi kubwa: KOCHA ALIONA.

Aliona, kwa sababu kamera ilimwonyesha. Dakika ya kumi na mbili alikuwa amesimama pembeni ya mstari, mikono mfukoni, anautazama ubavu ule ule ninaoutazama mimi. Dakika ya ishirini tena. Mapumziko yakaja, timu ikarudi ile ile. Dakika ya hamsini na nane nikasema sasa anambadilisha winga. Akamtoa kiungo mshambuliaji akaingiza kiungo mkabaji wa pili, aende akazibe lile pengo la katikati. Yaani shida iko kushoto, yeye analeta kiraka cha katikati. Dakika ya sabini na nne likaingia la pili, upande ule ule, watu wale wale. Winga alitolewa dakika ya themanini, akatoka akitembea.

Mtu asiyeona namsamehe. Mtu anayeona na hafanyi kitu simsamehe. Hivyo ndivyo nilivyoandika kwenye ile karatasi, kwa kiburi kabisa.

Saa tisa nikaenda kwenye vibanda vya simu vya mtaa ule ule, vile vya milango ya vioo ambavyo ukiwa ndani unawasikia Wasomali na Wamali kulia na kushoto wakiulizana bei na wenzao wa nyumbani. Nilikuwa nimejiandaa. Nilijua baba atamtetea kocha, maana yeye humtetea kila mwenye mvi.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mama. Umeviona vituko?"

Akaanza yeye. Ubavu wa kushoto, akasema. Beki aliachwa peke yake. Dakika ya thelathini na moja, dakika ya sabini na nne, alikuwa nazo zote kichwani bila kusita. Kwa mara ya kwanza hatukupishana hata kidogo, nikafurahi mno. Nikamwuliza aliangalia wapi. Akasema kibanda umiza, lile banda la video la mtaani, benchi la kwanza kabisa, karibu aiguse televisheni.

"Na yule winga wako," akaendelea, na nikaisikia sauti yake inachekelea. "Dakika themanini, hajachafuka. Jezi nyekundu ndu, imenyooka, utadhani nimeipiga pasi mimi mwenyewe. Mimi fundi, nguo naiona."

Nilifungua mdomo nimcheke. Neno njano lilikuwa limeshafika kwenye ulimi.

Halafu nikakumbuka rangi yenyewe ilivyotukera macho.

Hakuna mtu aliyeiona mechi ile akaisahau rangi ile. Mgahawa mzima ulipiga kelele juu yake. Mtoto angeiona. Na baba, ambaye mteja akipita ng'ambo ya barabara anakwambia suruali ile imepindwa kwa mkono au kwa mashine, anaona nyekundu.

"Haloo? Mama, umekatika?"

Nikamwambia nipo, simu inasumbua. Nikamwambia, ndiyo baba, hakuchafuka kabisa. Nilikubali. Naandika hapa ili nisije nikajisingizia vingine baadaye: nilimsikia baba yangu akinidanganya na nikamsaidia.

Akaniuliza kama ile taa nimeshaituma.

Taa yenyewe iko hapa, chini ya kitanda, ndani ya boksi lake. Ni taa ya pili. Ya kwanza aliiomba mwaka jana, taa ya mezani ya kushonea, nikaichagua kwa makini nikaituma. Mwezi uliopita akasema ile haitoshi, nitafute yenye mwanga mkali zaidi. Kontena la Bi Rukia linafungwa Ijumaa kupelekwa bandarini Nansha. Huyu ni mfanyabiashara wa Dar ninayemkalimania mwisho wa wiki, na aliniahidi nafasi ya boksi moja katikati ya majora yake ya vitambaa. Nilijisifu kwa kila mtu kwamba baba ana kazi nyingi siku hizi, anashona mpaka giza linaingia.

Kabla ya taa aliomba sindano za tundu kubwa. Kabla ya sindano aliomba chaki nyeupe badala ya ile ya buluu anayoitumia tangu nimezaliwa. Vyote nilivitafuta kule Kangle, ambako kuna kila kitu cha fundi, nikavituma bila kuuliza hata mara moja. Nilijiona binti mwema.

Na kuna shati. Idd iliyopita alinishonea shati la kuvalia darasani, akampa mfanyabiashara mmoja aliyekuwa anakuja huku. Mshono wa mfuko ulikuwa umetoka nje ya mstari, unakwenda na kurudi, na kola upande mmoja ilikuwa imepanda. Nilijua mara moja kosa ni la nani. Nililichukua lile shati mpaka Kangle, kwa yule laobanniang, mama mwenye duka ninakonunua uzi wa kumtumia baba, nikamtandikia mezani nikamwambia uzi wako unakatika, tazama ulivyoiharibu kazi ya baba yangu. Mama yule alivaa miwani, akaupitisha mshono wote kidoleni, taratibu. Akasema uzi hauna shida. Aliyeshona ndiye haoni.

Nikamjibu kwa Kichina changu chote kwamba baba yangu alianza kushona wewe hujazaliwa. Nikatoka. Mpaka leo nanunua duka la pili, uzi mbovu kuliko wake, kwa hasira tu.

Mwanamke asiyemjua baba yangu aliliona kwa kidole. Mimi nililishika shati lile lile, nikalivaa, nikalifua, nikalipiga pasi.

Kwa nini hakuniambia? Hilo nalijua, sihitaji kuulizwa. Mwaka wa kwanza alipovunjika mkono nilifungasha nirudi. Nilikuwa nimeshamwandikia mkuu wa kitivo barua ya kuacha masomo. Baba alipojua, hakuongea na mimi wiki tatu, na alipoongea alisema jambo moja tu, kwamba yeye hakukanyaga cherehani miaka yote ile ili mimi nije kumpikia uji. Mama alishafariki, na mimi ndiye mtoto pekee. Basi sasa amejifunza. Jambo la kunirudisha nyumbani hanitajii, na mimi nimebakiza mwaka mmoja na kidogo.

Lakini fundi asiyeona anakaa barazani anafanya nini? Wateja wa Ngamiani hawana subira. Nguo ikikuharibikia mara mbili unahama fundi, na humwambii kwa nini. Pengine wameshaanza kuhama. Pengine ni mtoto wa jicho, kitu ambacho daktari anakitoa na mtu akarudi kwenye kazi yake. Pengine ni lile jingine, la presha ya macho, linalokula kidogo kidogo na likishakula halirudishi. Sijui ni lipi kwa sababu sijauliza, na kila mwezi ninaokaa bila kuuliza yeye ndiye anayeupoteza.

Ninalolifikiria zaidi ni lile benchi la kwanza. Sijui kama alikwenda kweli. Huenda alibaki chumbani na redio yake, akazikariri dakika kwa ajili yangu, ili saa nne asubuhi awe na sababu tatu. Au alikwenda, akakaa mbele kabisa karibu aiguse televisheni, akaona vitu vyekundu vinakimbia kwenye ukungu akadhani ni sisi, akawa anawashangilia Wahispania. Sijui lipi linaniuma kuliko jingine. Nikilifikiria hili la pili inanibidi nisimame, nitembee chumbani, nirudi.

Nina hasira naye. Nimwandike kama alivyo: ana kiburi, na anaona kunificha ni kunilea. Miaka yote ananidai sababu, mimi na ubishi wangu wote nampa, na yeye ananipa jezi aliyoitunga. Tena akaitunga vizuri, kwa ufundi wake mwenyewe, imenyooka na pasi juu. Angesema tu winga mvivu nisingejua. Ni kule kunionyesha kwamba nguo anaiona ndiko kulikomuumbua.

Ila hasira hiyo haidumu dakika tano. Inageuka inanirudia.

Nimeitoa ile karatasi ya menyu mfukoni. Imelowa pembeni kwa unyevu lakini inasomeka. KOCHA ALIONA. Dakika ya kumi na mbili chaki, dakika ya ishirini sindano, mapumziko taa, na mshono ule mbele ya macho yangu kabisa. Na dakika ya hamsini na nane, mimi hapa, naingiza taa ya pili.

Boksi nimelitoa uvunguni. Haliendi Nansha. Bi Rukia nimempigia, nimemwambia nafasi ile aijaze vitambaa vyake. Akaniuliza, "Kulikoni mwanangu, mzee hataki tena taa?" Nikasema taa siyo dawa. Akasema Dar kuna hospitali nzuri ya macho, mdogo wake alitibiwa pale, na kama mzee atakubali kupanda basi kutoka Tanga, atampokea yeye kituoni. Tatizo liko kwenye hilo la kukubali.

Nimejaribu kuandika nitakavyomwambia. Nimefuta mara nne. Mzazi humwambii umenidanganya. Humwambii huoni. Nikimwomba aende hospitali bila sababu ataniambia hana anachoumwa, na nikilia ataniambia yale aliyoniambia nikiwa na miaka saba. Kumpigia mtu mwingine pale mtaani amchunguze ni kumvunjia heshima kwa mlango wa nyuma, na akijua hatanisamehe.

Nitapiga mwenyewe. Kesho saa tisa, kibanda kile kile, kwa kadi mpya ambayo haijatumika hata dakika moja. Nitamwamkia. Yeye ataanza na mpira, maana ndiko tunakoanzia siku zote, na nitamwacha amalize ya kwake yote. Kisha nitamwambia kwamba taa sikuituma, na kwamba kwenye sababu yangu ya tatu, kocha aliona asifanye kitu, nilikosea, hakuwa peke yake. Akiuliza nina maana gani, nitamjibu kwa adabu zote nilizofundishwa.

Baba, juzi tulivaa njano.